Waliokwenda Burma: Majina Yao Yatafutwe Wapi?



Katika koo nyingi za nchi hii yupo mzee ambaye habari zake zote za vita humalizwa kwa maneno mawili: alikwenda Bama. Watoto walikua wakiyasikia maneno hayo, wakayazoea kama watu wanavyozoea jina la mto au la kilima, wala hawakuuliza zaidi. Leo wajukuu wanauliza. Wanataka kujua babu alikuwa katika kikosi gani, alipigana wapi, na kama hakurudi, amezikwa wapi. Maswali hayo hupelekwa kwa mwalimu, kwa kuwa yeye ni mtu wa vitabu, na hupelekwa ofisi ya wilaya, kwa kuwa wananchi huamini kwamba Serikali ina jalada la kila jambo. Mara nyingi muulizaji hurudi nyumbani mikono mitupu.

Haifai kurudi hivyo, maana njia zipo, ijapokuwa ni nyembamba.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1943, ikafanya mazoezi katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, na katikati ya mwaka 1944 ikapelekwa kwenye mpaka wa India na Burma. Ndani yake zilikuwamo batalioni za King's African Rifles, jeshi ambalo wananchi waliliita Keya, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland na Tanganyika, pamoja na askari wa Rhodesia ya Kaskazini. Batalioni za Tanganyika katika divisheni hiyo zilikuwa ya 26 na ya 36. Kuanzia Agosti 1944 askari hao waliwafukuza Wajapani kutoka Tamu, wakateremka Bonde la Kabaw, hata wakautwaa mji wa Kalewa kando ya mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Kazi hiyo ilifanywa katika mvua kubwa za Asia. Barabara iligeuka tope lisilopitika kwa lori, chakula na risasi vikawa vinadondoshwa kwa miavuli kutoka katika ndege, na malaria ikawalaza watu pamoja na risasi za adui. Waingereza wenyewe waliliita bonde lile Bonde la Mauti. Mwezi huo huo wa Desemba daraja la chuma la meta 350 hivi lilijengwa juu ya Chindwin hapo Kalewa, na majeshi ya Jenerali Slim yakavuka kuingia Burma ya kati. Vitabu vingi vinalisifu daraja hilo. Wachache wanakumbuka kwamba njia ya kulifikia ilifunguliwa na vijana waliotoka katika vijiji vya Afrika Mashariki.

Sasa, kwa nini majina ya vijana hao ni taabu kuyapata? Jibu limo katika namna ukoloni ulivyokuwa ukiandika. Kila kikosi kilikuwa na shajara ya vita, iliyojazwa siku kwa siku, na shajara za vikosi vilivyopigana Burma zimehifadhiwa hadi leo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, karibu na London. Msomaji wa shajara hizo ataona mahali kikosi kilipolala, saa kilipoondoka, na hata hali ya njia. Lakini ofisa huandikwa kwa jina na cheo. Askari Mwafrika kwa kawaida huandikwa kwa hesabu. Wawili wameuawa, watano wamejeruhiwa, na kesho safari inaendelea. Mjukuu wa askari Mwingereza anaweza kuomba jalada la utumishi la babu yake mahali pamoja panapojulikana. Majalada ya askari Mwafrika hayakuwekwa pamoja na hayo, na jeshi lililomwandikisha limekwisha toweka: mwaka 1961 batalioni za Tanganyika ziligeuka Tanganyika Rifles, nayo ikavunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, na Septemba mwaka huo likaundwa Jeshi la Wananchi. Kuliuliza Jeshi la Wananchi habari za batalioni ya 36 ni kumwuliza mtu mambo yaliyotokea kabla hajazaliwa.

Jambo la ajabu, na la kusikitisha, ni kwamba aliyekufa ni rahisi kumpata kuliko aliyerudi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1917, inayo orodha ya waliokufa katika vita vya pili, na askari wa Keya wamo. Wasiokuwa na kaburi linalojulikana waliofia Burma wameandikwa katika Mnara wa Rangoon, ulio ndani ya makaburi ya Taukkyan, wenye majina yapatayo 27,000 ya watu wa mataifa mengi. Waliofia njiani watafutwe Nairobi. Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives ikazama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa. Wengi wao walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, vijana ambao hawakupata hata kuiona Burma. Zaidi ya 600 kati ya waliokufa katika meli hiyo wameandikwa katika Mnara wa Afrika Mashariki, kwenye makaburi ya vita ya Nairobi. Ukoo unaosema kwamba babu "alipotelea baharini" hauna budi kuanzia hapo.

Hata hivyo, anayetafuta katika orodha hizo asitazamie kuliona jina kama linavyotamkwa nyumbani. Karani wa jeshi aliandika alichosikia, na sikio lake lilikuwa la Kiingereza. Aidha, kijana aliyeitwa kwa jina la ukoo kijijini huenda alitoa jina la dini mbele ya karani, au jina la utani, au jina la kaka yake mkubwa aliyetakiwa na chifu. Ramadhani wako wengi. Kinachowatofautisha ni namba ya jeshi, jina la baba, na wilaya. Kwa hiyo namba ya jeshi ni ya thamani kuliko jina lenyewe, nayo hupatikana katika cheti cha kuachishwa jeshi, ambacho nyumba nyingi bado zinacho, kimekunjwa pamoja na risiti za kodi za zamani. Nishani hazitasaidia kwa hilo, maana nishani za vita ile walizotoa Waingereza kwa kawaida hazikuchorwa jina la mtu.

Lakini nishani zina ushahidi wa namna nyingine. Kwa mazoea ya watu, kila aliyevaa kaptura ya Keya "alikwenda Bama", hali wengi walipigana Uhabeshi mwaka 1941, wengine Madagascar mwaka 1942, na wengine walifanya kazi katika nchi za Waarabu bila kuvuka kwenda Asia. Nyota ya Burma ina utepe wa buluu iliyokoza, wenye mstari mpana mwekundu katikati na mistari ya rangi ya chungwa pembeni. Nyota ya Afrika ina utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu katikati. Picha ya zamani nayo husema: alama ya Divisheni ya 11 ilikuwa kichwa cha kifaru. Askari mwenye kifaru begani alikuwa wa divisheni hiyo, hata kama waliobaki nyumbani hawajui lolote jingine.

Kuhakikisha namna hii si kumvunjia mzee heshima. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba Idi Amin alipigana Burma, na wengi wakaamini. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha kwamba aliingia Keya mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Ukoo unaomtafuta mtu wake kwa ushahidi unamtenga na hadithi za namna hiyo.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 huko Kabaw angekuwa leo amepita miaka 100. Kwa hiyo mashahidi ni watoto wake, nao pia ni wazee. Hapo ndipo mwalimu anapohitajika zaidi kuliko mtu wa nyaraka. Asimwulize mzee maswali makubwa ya historia. Amwulize baba alikuwa akitaja majina gani ya mahali, hata kama yamepindwa na ulimi. Amwulize rafiki wa baba aliyekuja kumtembelea alitoka wilaya gani. Alibeba bunduki, au aliendesha lori, au alikuwa dresa, au wa mizinga. Majibu yaandikwe kwa maneno ya mzee mwenyewe, pamoja na tarehe na jina la aliyeyasema, na nakala moja ibaki shuleni.

Kwa watumishi wa wilaya na wale wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, kuna njia moja ambayo mara nyingi husahauliwa. Askari aliyekuwa mbali aliweza kukatwa sehemu ya mshahara wake ili ipelekwe nyumbani, na fedha hizo zilipitia ofisi ya wilaya. Aliyezipokea alikuwa mke, au mama, au kaka. Barua za malalamiko ziliandikwa pia: fedha zimechelewa, shemeji amezichukua, mume hajulikani aliko. Kwa hiyo anayefungua jalada la wilaya la mwaka 1944 au 1945 asitafute jina la askari peke yake. Amtafute na mwanamke aliyesimama mbele ya dirisha la karani, akaweka kidole gumba kwenye wino, maana huenda jina la mumewe liliandikwa pembeni mwa lake.