Wapiga Picha kwa Dawa ya Mionzi: Ufundi Wao na Tabia Zao



Sisi watu wa reli tumepewa nafasi kusema juu ya kazi isiyo yetu. Sababu ni kwamba mwenzetu mmoja wa karakana alipelekwa hospitali kupigwa picha ya mifupa, nasi tukamsindikiza. Kijana aliyemdunga sindano alipomaliza tu, akaondoka upesi akasimama mbali mlangoni, akawa anamjibu kwa maneno mawili matatu. Mwenzetu akatoka amekunja uso, akasema, "Ndugu zangu, nimekimbiwa kama mwenye ndui."

Basi tukauliza, tukaelezwa, na hasira ikapungua, ingawa si yote.

Katika eksirei ya kawaida mionzi hutoka katika mashine ikapita mwilini. Hii sivyo. Mgonjwa hutiwa dawa yenye mionzi, mara nyingi teknetiamu 99m, nayo huenda mpaka mifupani. Mashine kazi yake ni kupokea tu. Kwa hiyo baada ya sindano mionzi yatoka kwa mgonjwa mwenyewe, na fundi ahudumiaye watu kama hao kila siku lazima ajilinde. Kusogea mbali si dharau, ni kanuni ya kazi.

Lakini fundi hodari husema maneno yote kabla ya sindano, akiwa karibu nawe. Atakutaka utaje jina lako mwenyewe, wala hatalitaja yeye ili uitikie tu. Sisi tulifundishwa kwamba dereva haingii katika njia moja pasipo tokeni. Jina ndiyo tokeni yao. Mama ataulizwa kama ana mimba au ananyonyesha. Kwa picha ya mifupa utaambiwa utangoja muda wa saa 3 hivi, unywe maji mengi, na uende haja ndogo kabla ya kulala mezani, maana kibofu kikijaa dawa huficha mifupa ya nyonga. Kijana yule hakusema hata moja.

Tena lazima awe mtu wa saa na kalamu. Teknetiamu hiyo hupoteza nusu ya nguvu kila saa 6, hata dawa iliyopimwa asubuhi si ile ya alasiri. Na ikimwagika nje ya mshipa, fundi mwaminifu huliandika kosa lake, asimwache daktari kudhani alama ile ya mkononi ni ugonjwa. Kwa maoni yetu hili ndilo gumu kuliko yote.

Sasa neno la chama. Wenzetu hawa huvaa beji ipimayo mionzi. Kipimo kinachofuatwa duniani ni milisiveti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5. Beji iliyoachwa kabatini haiandiki kitu, na siku ya madai hakuna ushahidi. Na mama mfanyakazi mwenye mimba aseme mapema apewe kazi nyingine, mshahara wake usiguswe.

Mwenzetu atarudi kule mwezi ujao. Tumemwandikia maswali yake katika karatasi, ayatoe kabla ya sindano.