Malalamiko Hayatoshi: Mzazi wa Kawaida katika Mjadala wa Mtaala Nchini Kenya

Utangulizi
Tangu Mtaala wa Umilisi, maarufu CBC, uanze kutekelezwa kote nchini Januari 2019, wazazi wameulalamikia sokoni, kanisani, msikitini na kwenye makundi ya WhatsApp. Mengi ya malalamiko hayo yaliishia huko huko; machache yalibadili sera. Mada hii inauliza ni nini kiliyatofautisha.

Maoni yaliyozaa matunda
Mwaka 2022 swali lilikuwa wazi: anayemaliza Gredi ya 6 akiwa na miaka 12 aende kusomea wapi? Mpango wa awali ulimpeleka sekondari, pengine bwenini. Jopo la mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu lilikusanya maoni katika kaunti zote 47, na wazazi wengi wakataja umri mdogo wa watoto na gharama. Desemba, jopo likapendekeza sekondari msingi iwe ndani ya shule za msingi.

Vivyo hivyo, hisabati ilipopangwa kuwa somo la hiari katika sekondari pevu, wadau walipinga. Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kuwa itakuwa ya lazima, kwa viwango viwili.

Mara zote mbili wananchi walijibu swali mahususi, mbele ya wenye mamlaka, kabla uamuzi haujafungwa.

Tunapokosea
Wengi humkabili mwakilishi wadi kuhusu wingi wa masomo ya Gredi ya 8. Hilo haliwezi. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, mitaala na shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Muulizeni basi mwakilishi wadi kwa nini darasa la chekechea halina mwalimu.

Hata huko kuna kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa kaunti uwasilishwe katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Anayeamka Juni hukuta sufuria zimeshaoshwa.

Lakini lawama si za mzazi peke yake. Kikao kinachoitishwa saa nne asubuhi siku ya soko, kwa hati za Kiingereza kitupu, humwacha nje mama muuza mboga hata kama mlango uko wazi.

Mapendekezo
1. Kila chama cha wazazi kiwasilishe maoni kwa maandishi, ombi moja kwa kila waraka, na kidai nakala iliyopigwa muhuri.
2. Tutumie Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi.
3. Tudai muhtasari wa Kiswahili kabla ya kila kikao. Katiba inakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Kazi ya vikundi
Chagueni lalamiko moja la shuleni kwenu. Andikeni ni ofisi gani yenye mamlaka juu yake, tarehe ya mwisho ya kuipelekea maoni, na jina la atakayeyapeleka.