Kumtumikia Mama Mzee Katika Siku za Idi

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha Ijumaa hii hali tu wazima, na tunamwomba rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Enyi Waislamu, nakuusieni, pamoja na nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu. Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo sisi mashekhe hatulitaji sana mimbarini, ingawa hakuna Idi inayosimama bila ya jambo hilo, nalo ni kazi ya nyumbani. Maji ya Idi huchotwa na nani? Kuni za Idi hupasuliwa na nani? Katika nyumba ya mama yako mzee, siku mbili kabla ya mwezi kuandama, nani huinama kufagia uwanja, nani hukandika ukuta uliobanduka, nani huchambua mchele akiutafuta kwa macho yasiyoona vizuri?

Mama yangu anakaa Nyamahanga, mkoani Kagera, katika nchi ile ya Biharamulo na Ngara yenye migomba na mashamba ya maharage. Mimi makazi yangu ni Mwanza. Kwa miaka mingi nilikwenda kwake kila Idi ya Mfungo Mosi, na nilijihesabu kuwa miongoni mwa watoto wema. Nitakusimulieni Idi moja katika hizo, kwa kuwa aibu ya mwalimu huweza kumfaa mwanafunzi.

Mwaka huo tulifika jioni ya kuamkia Idi. Tulikuwa watu wanane: mimi, mke wangu, watoto wanne, na wanafunzi wangu wawili ambao kwao ni mbali. Tulishusha gunia la mchele, dumu la mafuta, sukari, na doti ya kitenge kipya cha mama. Alitupokea kwa furaha kubwa, akatuandalia futari, na vitanda vyote vikawa tayari vimetandikwa. Nyumba ilikuwa imepakwa udongo mweupe upya. Mapipa yalikuwa yamejaa maji. Mimi nilitazama haya yote nikasema moyoni, Alhamdulillahi, nyumba ya mama ina baraka. Sikujiuliza baraka hiyo imepita katika mikono ya nani.

Asubuhi tukaenda kuswali. Wazee wa kijiji waliniomba nitoe hotuba, nami nikahutubia juu ya haki za wazazi. Nilisema vizuri, na watu walilia. Tuliporudi nilimkuta mama amekaa jikoni juu ya kigoda, moshi umemjaa machoni, anapuliza kuni mbichi ili pilau yetu iive. Hakuwa amekwenda kuswali Idi. Jirani mmoja, mama mjane, akanivuta pembeni akaniambia kwa adabu: "Shehe, mama yako amekwenda kisimani siku tatu mfululizo hali amefunga, ili wageni wake wasikose maji. Na usiku wa jana alilala huku jikoni juu ya mkeka, kwa sababu kitanda chake amelala mmoja wa wanafunzi wako."

Wageni wake. Neno hilo lilinichoma kuliko lawama. Mimi niliyetoka tumboni mwake nilikuwa nimeingia nyumbani kwake kama mgeni, na mgeni hutumikiwa. Dumu moja la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Watu wanane hawatoshelezwi na dumu moja wala mawili kwa kupika, kuoga, kutawadha na kufua. Pigeni hesabu wenyewe, kisha mfikirie mgongo wa mwanamke aliyevuka miaka 70.

Ndugu zangu, katika Suratul Israa, aya ya 23 na ya 24, Mwenyezi Mungu amefuatanisha amri ya kumwabudu Yeye peke Yake na amri ya kuwatendea wema wazazi, kisha akautaja uzee wao. Wengi wetu tunakumbuka katazo lililomo humo la kumguna mzazi hata kwa ile sauti ndogo ya kuchoka naye. Lakini liko jambo jingine tunalolipita haraka. Aya inazungumza juu ya wazazi wanaofikia uzee kwako, yaani ubavuni pako, chini ya uangalizi wako. Sisi wa leo mama zetu wanafikia uzee peke yao, na sisi tunaupata uzee huo kwa habari, au tunaukuta siku mbili kwa mwaka.

Na wema wenyewe ni wa namna gani? Mtazameni yule mtu katika kisa cha watu watatu waliofungiwa na jiwe pangoni, kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Kila mmoja aliomba kwa amali yake bora. Mmoja wao alitaja kwamba alikuwa akiwanywesha maziwa wazazi wake wazee kabla ya watoto wake, na usiku mmoja alichelewa kurudi na mifugo akawakuta wamelala, akasimama na chombo mkononi mpaka alfajiri, hakupenda kuwaamsha wala kuwatanguliza wengine. Hakutaja dhahabu aliyowapa. Alitaja kusimama na chombo cha maziwa mkononi, na jiwe likasogea.

Wako wanaume watakaosema kwamba jiko si mahali pao. Hawa nawakumbusha Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Alijibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa Swala ukifika alitoka kwenda kuswali. Ikiwa mbora wa viumbe alishughulika na kazi za nyumbani, shehe wa Mwanza ni nani hata ashindwe kumenya ndizi?

Baada ya Swala ya Adhuhuri siku ile nilichukua shoka. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Akasema: "Shehe, kuni hazipasuliwi na kanzu. Vua kwanza." Nikavua kanzu, nikapasua, na mikono ikatoka malengelenge. Nalikiri hili mbele yenu: mikono yangu ilikuwa imezoea kitabu tu.

Mwaka uliofuata nilifika siku tano kabla ya Idi, nikiwa na mwanangu mkubwa. Nilidhani sasa nimejifunza. Kumbe bado. Nilianza kazi kwa juhudi ya mtu anayetubu. Nilipanga upya chumba cha akiba, nikatoa makopo ya zamani, nikatupa jalalani chungu kimoja kilichopasuka mdomo, ndani yake nikaona majivu tu. Mama alipotoka kupumzika akauliza chungu chake kiko wapi. Ndani ya majivu yale mlikuwa na mbegu zake za maharage, alizozihifadhi hivyo zisiliwe na wadudu, ili azipande mvua zikinyesha. Hakunigombeza. Alitoka akainama jalalani akaokota punje moja moja, nami nikainama pamoja naye, na baba na mwana tukaokota mpaka magharibi.

Basi jueni kwamba kumsaidia mama si kumpindua. Nyumba ni yake, na amri ni yake. Ukifika, muulize: mama, kazi gani imekushinda? Kisha uifanye kama anavyotaka yeye, hata kama wewe unajua njia ya haraka zaidi. Akikwambia chungu kikae mlangoni, kikae mlangoni. Hiyo nayo ni sehemu ya unyenyekevu tulioamrishwa katika aya zile mbili, na pengine ndiyo sehemu ngumu kuliko kubeba maji.

Wasikilizaji wapendwa, ziko nyudhuru tunazozitoa. Udhuru wetu sisi wa Mwanza ulikuwa kivuko. Tulisema foleni ya Kigongo ni ndefu, tutafika usiku, tutawasumbua wazee. Mwaka 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, likafunguliwa, na barabara ya Geita na Bwanga mpaka Biharamulo ina lami. Udhuru ule umeondoka, na nimeona baadhi yetu wametafuta mwingine.

Mwingine husema: mimi humpelekea fedha kwa simu. Fedha ni jambo jema, na asiyeweza kusafiri asiache kupeleka. Lakini fedha hazichoti maji zenyewe. Mara nyingi mama huyo inambidi amtafute kijana wa kumtolea fedha hizo kwa wakala, kisha amtafute wa kumnunulia, kisha abaki na kazi ile ile. Ukiwa mbali na huna njia, piga simu kwa jirani au kwa mjomba, wafanye mapatano na kijana mwaminifu achote maji na apasue kuni wiki nzima kabla ya Idi, na ujira wake ulipe wewe. Wala usihesabu unachompa mama yako kuwa ni zaka. Wanazuoni wamebainisha kwamba zaka ya faradhi haipewi mzazi ambaye ni wajibu wako kumlisha. Pishi yako ya Zakatul Fitri, ambayo ni karibu kilo mbili na nusu za chakula, itoe kwa maskini wengine kabla ya Swala ya Idi. Ya mama ni haki yake nyingine.

Na wako wanaofika nyumbani, wakawakabidhi wake zao kazi yote, wao wakaenda barazani kuzungumza siasa. Enyi waume, mama ni wako. Wanazuoni wengi wamesema mke halazimiki kisheria kumtumikia mama wa mumewe. Akifanya hivyo ni hisani yake na ana thawabu kubwa. Wajibu uko juu ya shingo yako wewe. Usijipatie radhi za mama kwa jasho la binti wa watu.

Liangalieni pia suala la majira. Mwaka wetu wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi hutangulia siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2018 Idi ya Mfungo Mosi ilituangukia katikati ya Juni, kiangazi, kuni kavu na njia ya kisimani ngumu kama sakafu. Mwaka 2025 ilikuwa mwisho wa Machi, mvua zikinyesha. Huko kwetu wakati wa masika kuni zisipoingizwa ndani wiki mbili kabla hazishiki moto, na kiteremko cha kisima huwa utelezi ambao kijana huuruka lakini mzee huvunjika nyonga. Anayemjali mama yake hufuata kalenda zote mbili.

Kijana mmoja mwanafunzi aliniuliza swali ambalo katika wilaya zetu hizi si geni. Alisema: "Shehe, mimi ni Mwislamu lakini mama yangu ni Mkristo. Siku ya Krismasi anapokea wajukuu wengi na nguvu hana. Je, naweza kumchotea maji na kumpasulia kuni, au nitakuwa nimeshiriki ibada isiyo yangu?" Nilimjibu kwamba ibada ni jambo moja na mgongo wa mama yake ni jambo jingine. Suratu Luqman, aya ya 15, inamkataza mtoto kumtii mzazi anayemshurutisha kumshirikisha Mwenyezi Mungu, na katika aya hiyo hiyo inamwamuru akae naye duniani kwa wema. Bibi Asmaa binti Abubakar alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akamwuliza Mtume kama aunge udugu naye, na Mtume akamwambia aunge. Maji na kuni ni haki ya mama yako siku 365 za mwaka. Haki hiyo haifutwi kwa kuwa siku hiyo ni Desemba 25. Nikamwambia aende mapema, tarehe 22 au 23, ajaze mapipa. Aliporudi alinieleza kwamba mama yake aliwaita majirani waje kumwona Mwislamu wake akitwanga.

Mimi mwaka huu, Mwenyezi Mungu akipenda, nitaondoka Mwanza kumi la mwisho la Ramadhani litakapoingia nusu yake. Mwanangu atatangulia, kwa kuwa paa la jiko linavuja na bibi yake ameshamwagiza misumari. Na siku ya Idi nimewaomba wazee wa Nyamahanga wamtafute mwingine wa kuhutubia. Mama hajaswali Idi na wenzake miaka kadhaa kwa sababu ya sufuria zetu. Safari hii yeye ataoga mapema, atavaa kitenge chake, atasindikizwa na wajukuu mpaka uwanjani, na mimi nikishaswali nitawahi kurudi kutazama moto.

Nasema maneno haya, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi, na awarehemu wazazi wetu walio hai na waliotangulia. Amin.