Mwangalizi wa Angani na Wapagazi wa Nchi Kavu



Vita Kuu ya Kwanza ilifika pwani hii kwa bahari, kwa anga na kwa miguu. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, kisha ikajificha katika mikoko ya delta ya Rufiji, kaskazini ya Kilwa. Waingereza wakaleta ndege kisiwani Mafia. Tarehe 6 Julai 1915 ndege hizo zilidondosha mabomu, lakini hayakuipata shabaha.

Tarehe 11 Julai rubani John Cull na mwangalizi wake, Harold Arnold, waliruka tena. Manowari ndogo Severn na Mersey zilikuwa mtoni zikipiga mizinga, wala wapigaji hawakuweza kuiona Königsberg nyuma ya miti. Macho yao yalikuwa ni Arnold, aliyewaarifu kwa simu ya upepo mahali kila kombora lilipoangukia. Ndipo injini ya ndege ilipopigwa. Cull akaielekeza ndege chini, na Arnold, huku wakishuka, akaendelea kutuma masahihisho hadi makombora yalipoipata meli. Ndege ilianguka majini karibu na Mersey, ikapinduka. Wote wawili waliokolewa, na kila mmoja alipewa nishani.

Hata hivyo, siku ile haikumaliza vita. Wajerumani waliilipua meli yao wenyewe, kisha wakaitoa mizinga yake 10, ikakokotwa nchi kavu kwa nguvu za Waafrika. Oktoba 1917 mapigano makali yalifika Mahiwa, katika nchi hii ya Lindi. Majeshi ya pande zote mbili yalikula kile walichobeba wapagazi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi chao.

Ndugu wapendwa, uaminifu wa Arnold wastahili heshima, nao umeandikwa. Aliyebeba gunia la mahindi hadi akaanguka njiani naye alitimiza kazi aliyotwikwa, tena bila kuulizwa kama aitaka. Basi kila ukoo wenye jina la babu aliyechukuliwa upagazi na ulitaje leo, liandikwe, kabla ya mzee wa mwisho alijuaye hajalala.