"Vita" Si Jibu Kamili: Kufundisha Insha ya Sababu na Matokeo kwa Historia ya Wabajuni



Insha ya sababu na matokeo hueleza jambo lilifikaje kutokea, na baada ya kutokea likazaa nini. Shuleni huwa tunaifundisha kwa mada ya ukataji miti au ajali za barabarani, mada ambazo mwanafunzi ameshapewa majibu yake kabla hajashika kalamu. Napendekeza tuchukue swali linaloulizwa katika kila nyumba ya Kibajuni, katika pwani na visiwa vya kusini mwa Somalia, kuanzia Kismayu hadi Koyama, Chovai na Chula: kwa nini watu wetu walihama?

Mpe mwanafunzi swali hilo na huenda akaandika hivi: "Mwaka 1991 serikali ya Rais Siad Barre wa Somalia ilianguka. Vita vikaenea. Wabajuni wakakimbilia Kenya." Sentensi zote tatu ni kweli, ila kinachoziunganisha ni kalenda tu. Jambo kutangulia jingine hakulifanyi kuwa sababu yake. Vita hivyo hivyo vilizikuta jamii nyingine za Somalia, na wako waliobaki wakaipigania miji. Mwalimu amrudishie daftari na swali moja pembeni: mbona sisi?

Hapo ndipo kazi inapoanza. Wabajuni walikuwa jamii ndogo ya wavuvi na mabaharia, nje ya mfumo wa koo kubwa zenye wanamgambo. Dola ilipokufa, ngao ya mtu ikabaki ukoo wake na bunduki za ukoo huo. Mvuvi wa Chula hakuwa na ngao hiyo, lakini alikuwa na mashua, nyavu na nyumba, yaani alikuwa na cha kuporwa na hakuwa na wa kumtetea. Hiyo ndiyo sababu ya msingi. Kuanguka kwa serikali Januari 1991 kulikuwa kichocheo. Mwandishi akivichanganya viwili hivi, msomaji atadhani kwamba kabla ya Januari hiyo mambo yote yalikuwa shwari.

Kuna kitu cha tatu ambacho vitabu vyetu vya insha hukisahau, nacho ni sharti, yaani hali inayolifungulia jambo njia bila kulianzisha. Barre alikimbia Mogadishu wakati kaskazi inavuma, upepo unaokisukuma chombo cha tanga kutoka Kismayu kuelekea Kiunga, Lamu na Mombasa. Angekimbia katikati ya kusi, safari hiyo ingekuwa ya kupambana na upepo na mawimbi. Je, kaskazi ndiyo iliyowahamisha Wabajuni? La. Iliirahisisha njia kwa aliyekimbia miezi ile. Mpaka wa Kenya na Somalia nao ni hivyo hivyo. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, na Wabajuni wakagawanywa: Kiunga upande mmoja, Chula na Kismayu upande wa pili. Mpaka huo haukumfukuza mtu kwake, ila ulifanya ng'ambo yake kuwe na jamaa wa damu moja na lugha moja chini ya serikali nyingine. Mwandishi mwenye pupa atauandika mwaka 1925 kama chanzo cha yote. Namsihi asifanye hivyo. Sababu ya mbali inahitaji kuonyeshwa ilivyofika karibu, hatua kwa hatua, la sivyo iachwe.

Sababu uliyoipata ipime kwa tukio jingine. Sisi tunalo. Wakati wa vita vya Shifta nchini Kenya, kati ya 1963 na 1967, Wabajuni wa upande wa Kenya walivikimbia vijiji vya bara vya kaskazini mwa Lamu, wengi wakahamia visiwani. Serikali ilikuwa nyingine, wapiganaji wengine, miaka karibu 30 kabla. Kinachofanana ni jamii isiyo na silaha, iliyokaa kati ya pande zenye silaha. Sababu ya msingi tuliyoitaja hapo juu inasimama pia huku, na ndiyo maana naiamini kuliko maelezo ya "vita" peke yake.

Kuhusu lugha nitakuwa mfupi. Neno "sababisha" limechoshwa. Aya moja ya mwanafunzi huweza kuwa nalo mara tano. Kiswahili kina "ndiyo maana", "kwa kuwa", "kutokana na", "kukapelekea", na kina kitenzi chenyewe kikitumika vizuri. Aya ile ya mwanzo inaweza kuwa hivi: "Kwa kuwa hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwatetea, Wabajuni walibaki wazi mbele ya waporaji serikali ilipoanguka mwaka 1991, na kwa kuwa walikuwa na vyombo, na jamaa ng'ambo ya mpaka, wengi walikimbilia Kenya kwa bahari." Hapa kila kiungo kinabeba mzigo wake.

Matokeo nayo hayakai mahali pamoja. Kuhama kulizaa kambi za wakimbizi Mombasa. Katika miaka ya 1990 wengine walirudishwa visiwani kwa msaada wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wakakuta wenye bunduki ndio wenye amri. Wengine walivuka hadi Uingereza, ambako mwombaji hifadhi huulizwa kwa nini aliondoka, na maelezo yake hupimwa kiungo kwa kiungo. Mtu aliyeteswa kweli, akajibu "vita" akanyamaza, anaweza kuonekana hana hoja. Kwa hiyo naomba insha hii isichukuliwe kama zoezi la mtihani tu.

Kabla ya mapumziko, kila kundi liandike aya moja ya sababu na matokeo kuhusu mkaa wa Kismayu. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku usafirishaji wa mkaa kutoka Somalia, ili kukata mapato ya kundi la wapiganaji la Al-Shabaab. Baadaye mwaka huo huo kundi hilo liliupoteza mji wa Kismayu na bandari yake, na mkaa ukaendelea kupakiwa melini kwenda Ghuba. Andikeni kwa nini, na neno "sababisha" lisitokee zaidi ya mara moja.