Ahadi ya Kalagala

Maporomoko ya Bujagali, karibu na Jinja mjini, yalizamishwa kupisha bwawa la megawati 250 lililozinduliwa mwaka 2012. Ili kufidia, Uganda iliiahidi Benki ya Dunia kwa maandishi, mwaka 2007, kwamba maporomoko ya Kalagala, mbele zaidi kwenye mto huo huo, yasingeguswa. Mwaka 2019 likafunguliwa bwawa la Isimba, megawati 183, na maji yake yakarudi nyuma hadi ndani ya eneo lile lile lililoahidiwa kulindwa. Umeme tunauhitaji, sikatai. Lakini vijana waliowapitisha watalii kwa maboti ya mpira kwenye mawimbi yale, riziki yao iliandikwa kwenye ahadi ipi? Hifadhi hiyo ya Kalagala imechorewa mipaka upya. Serikali, wakopeshaji na kampuni za mabwawa watuambie hadharani nani anailinda.