Ritungu, Kinanda na Kompyuta: Nani Ashike Mwendo?



Kijana wa Itiryo, kule Tarime, akitaka kurekodi muziki leo hushauriwa mambo mawili yanayopingana. Mmoja humwambia anunue kinanda cha umeme na mashine ya ngoma. Mwingine humwambia hayo yamepitwa na wakati, kompyuta yenye programu ya muziki inatosha. Ukweli ni kwamba vyombo hivi vinaweza kufanya kazi pamoja, na njia ya kuviunganisha ipo tangu mwaka 1983, watengenezaji wa vyombo wa Japani na Marekani walipokubaliana juu ya mfumo uitwao MIDI.

Waya wa MIDI haupitishi sauti. Hupitisha maagizo tu: bonyeza sauti hii, kwa nguvu hii, iachie sasa. Hupitisha pia saa, yaani mapigo 24 kwa kila pigo moja la muziki. Hapo ndipo wengi hukwama. Mashine ya ngoma ina saa yake, kompyuta nayo ina yake. Zikiachwa zote ziongoze, baada ya dakika moja au mbili zimekwisha kupishana. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Chagua kiongozi mmoja, mwingine afuate.

Lakini je, akiwapo mpiga ritungu? Desturi ya studio nyingi ni kumvalisha mzee vipokea sauti na kumwamuru afuate mgongo wa mashine. Hilo ni kosa. Mpigaji huyo huharakisha wimbo unapopamba moto na kuutuliza mwimbaji anapotaja majina ya watu. Mrekodi yeye kwanza, kwa maikrofoni. Kisha iagize programu ipime mwendo wake, na mashine ya ngoma imfuate. Akijisikiliza, sauti itoke moja kwa moja kwenye kisanduku cha maikrofoni, kwani ikizungukia kwenye kompyuta huchelewa kidogo na kumvuruga.

Jambo la pili ni sauti zenyewe. Kinanda hugawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa. Nyuzi nane za ritungu hukazwa kwa sikio, kulingana na koo la mwimbaji. Kitufe cha kurekebisha kinanda hupandisha au kushusha sauti zote kwa pamoja, hakibadili nafasi iliyopo kati ya sauti na sauti. Programu nyingi za kompyuta zaweza kurekebisha sauti moja moja. Basi kirekebishwe kinanda, nyuzi za mzee ziachwe.

La mwisho ni haki. Sauti ikishaingia kwenye kompyuta, sekunde nne zake zaweza kukatwa na kurudiwa katika nyimbo hamsini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mpigaji pia, si mtunzi peke yake. Andikianeni kabla ya kurekodi: jina lake litajwe wapi, na atapata nini.

Kinanda kikiharibika kitanunuliwa kingine Mwanza. Ukazaji wa nyuzi za ritungu hauuzwi dukani, na tukiwazoesha vijana kusikia hatua za kinanda peke yake, hatutakuwa na wa kutufundisha.